Chai ya kupunguza tumbo inapunguza nini?

Soma maandishi madogo kwenye pakiti za chai za kupunguza tumbo. Katika nyingi utakuta sanamaki, dawa kongwe ya kufungua choo. Anayeinywa usiku huenda chooni asubuhi, akapanda mizani na kufurahi. Lakini kilichopungua ni maji na choo, si mafuta.

Sababu ni mahali sanamaki inapofanyia kazi. Chakula hufyonzwa zaidi kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hupita hapo bila kufanya lolote hadi utumbo mpana, ambako bakteria huibadilisha ikawa dawa kamili. Ndipo misuli inapochokozwa kusukuma. Kazi hiyo huchukua saa 8 hadi 12, na wali wa jioni ulikwishaingia mwilini zamani. Ukiendelea kuinywa kila siku unapoteza pia potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga sawasawa.

Dawa ya bisakodili ni ya ukoo huohuo wa kuchokoza. Kidonge chake kina ganda lisiloyeyuka kwenye asidi ya tumbo. Ukikimeza kwa maziwa ganda huachia mapema, na msokoto wa tumbo utakuonyesha kazi. Mafuta ya nyonyo, nayo dawa ya kufungua choo, yakimeng'enywa hutoa asidi ya risinoleiki. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha, kwa panya, kwamba asidi hiyo hugusa kipokezi kilekile kwenye misuli ya utumbo na ya mji wa mimba. Hivyo mjamzito asiyanywe kwa ushauri wa jirani.

Kwa aliyefunga choo kweli, zipo njia za upole. Maganda ya ispagula hunyonya maji na kuvimba, choo kikawa laini baada ya siku 2 au 3; lakini yakinywewa na maji kidogo huweza kuziba. Laktulosi, ile sharubati tamu, ni sukari isiyomeng'enywa: huvuta maji utumboni, na bakteria wanaoila ndio wanaokujaza gesi. Haluli pia huvuta maji, ila hufanya kazi ndani ya saa chache tu, na mwenye ugonjwa wa figo asiiguse kwa kuwa magnesiamu iliyomo hulundikana damuni.

Ukiona damu chooni, ukitapika, au tumbo likiuma na kujaa huku hata hewa haitoki, usinunue dawa yoyote kati ya hizi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.