Macho Makavu Yanayotiririka Machozi

Muhula wa kwanza nilipata sifa mbaya darasani, sifa ya mtu anayelialia ovyo. Ilikuwa jilaal, kile kiangazi chetu cha Januari hadi Machi, na upepo wa Banissa mnaujua, ukiingia kwa dirisha hauulizi hodi. Machozi yalinitiririka hadi juu ya daftari la Hisabati. Wenzangu wakasema ati nimeachwa. Mwalimu mmoja aliniita kando kwa upole akaniuliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamjibu, "Hapana mwalimu, ni vumbi tu."

Kumbe ugonjwa wangu ulikuwa ukavu wa macho. Najua utacheka. Nami nilicheka muuguzi wa macho aliponiambia hospitalini. Nilimuuliza, "Dada, jicho linalomwaga maji namna hii litakuwaje kavu?" Majibu yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, maana karibu nusu ya darasa letu husugua macho jilaal yote bila kujua wanasugua nini.

Chozi si maji matupu. Utando unaofunika jicho una ute chini, unaoyashika maji yasiteleze, kisha maji yenyewe, na juu kabisa mafuta kidogo sana. Mafuta hayo hutoka katika vitundu vidogo vilivyopangana kwenye ukingo wa kope. Fikiria mchuzi wa mbuzi. Mafuta yakielea juu, mchuzi unakaa moto na haukauki upesi. Ukiyaengua, mvuke unapaa. Basi jicho nalo likikosa mafuta, au upepo ukizidi, maji yake hukauka kabla hujapepesa tena. Jicho linachoma kama lina mchanga, ubongo unapata habari, na tezi ya machozi inafungulia maji kwa wingi. Lakini maji hayo ya dharura hayana mchanganyiko ule mzuri, kwa hivyo yanamwagika shavuni na jicho linabaki na kiu yake.

Sisi wa huku tuna kila kitu cha kukausha macho. Hewa ni kavu, vumbi ni la kutosha, na moshi wa kuni unajaa jikoni mpaka anayepika hamwoni anayesubiri chakula. Ongeza kusoma! Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea kitabu au simu anapepesa mara chache zaidi. Nilimhesabu jirani yangu wa dawati bila yeye kujua. Akipiga domo alipepesa mara 17 kwa dakika, na akisoma Biolojia mara tano. (Nilipomwambia alikasirika, akasema nisome vitabu, si uso wake.)

Kabla ya kwenda hospitali nilikuwa nimefanya kosa. Nilinunua dawa ya matone katika duka moja bila kuandikiwa na daktari. Wekundu uliisha siku ile ile nikajiona nimepona, kisha ukarudi. Muuguzi alisoma maandishi ya kichupa akatikisa kichwa. Dawa ile ilikuwa na steroidi. Alinieleza kwamba steroidi hutuliza haraka, lakini ikitumiwa ovyo inaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuonea, na kama kuna vidudu inavipa nafasi ya kustawi. Tone linalofaa ukavu ni machozi ya kutengenezwa, na kila mtu awe na kichupa chake.

Mengine aliyonifundisha hayana gharama. Pepesa kwa kufumba kabisa, usifumbe nusu. Ukimaliza ukurasa tazama mbali kidogo. Kaa upepo ukiwa mgongoni, na njiani ufunge kilemba au shela hadi karibu na macho. Wanaotayamamu maji yakikosekana, wakung'ute mikono kwanza kama ilivyo sunna, vumbi lisibaki jingi. Tena kuna kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, ukikanda nacho kope zilizofumbwa kwa dakika tano hadi kumi ili mafuta yaliyoganda yayeyuke. Ndiyo, kitambaa cha moto, huku Banissa, na jua lile! Mimi hufanya alfajiri. Kikombe kimoja cha maji kinatosha.

Ayeyo wangu, yaani nyanya, naye macho humwasha, kwa kuwa ukavu huwapata sana akina mama wazee. Yeye dawa yake ni wanja. Nilimwambia wanja wa aina nyingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Akaniuliza nimesoma miaka mingapi. Nikanyamaza.

Lakini ayeyo huyo huyo ndiye aliyegundua ukavu wa pili, ambao si wa kufanyia mzaha. Ni mwaka wa 2022, ukame uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo. Mbuzi walikuwa hawana maziwa, nasi tulikula ugali mtupu siku nyingi. Ndugu yangu mdogo alikuwa na miaka mitatu. Ikifika magharibi alikuwa akijikwaa kwenye masufuria na kupapasa ukuta. Sisi tulimcheka tukimwita mlevi. Ayeyo hakucheka. Alisema, "Mtoto huyu haoni."

Hospitalini walikuta madoa kama povu kwenye weupe wa jicho. Ni upungufu wa vitamini A, ile inayopatikana kwenye maziwa, maini, mayai, sukuma wiki na maembe. Ikikosekana, mtoto kwanza hupoteza kuona gizani, kisha jicho lenyewe hukauka, na likifika hatua ya kioo cha mbele kulainika, anaweza kupofuka kwa siku chache tu. Hapo matone na vitambaa havisaidii kitu. Kwa hiyo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini hiyo kila miezi sita, na sisi katika kuhamahama kufuata maji tulikuwa tumeikosa. Alipewa siku ile, kesho yake, na tena baada ya wiki mbili.

Usiku wa tatu nilimpelekea uji nje, taa ikiwa ndani. Nilienda polepole nisimshtue. Akaniita jina kabla sijafungua mdomo.