Hadithi ya Watoto na Akili ya Mtu Mzima: Uchunguzi wa Mfululizo Mmoja wa Katuni

Utangulizi

Mara nyingi mwalimu wa shule ya msingi huulizwa, na huenda hujiuliza mwenyewe, kama hadithi iliyotungwa kwa ajili ya watoto yaweza kumfaa mtu mzima pia. Swali hili si la mchezo. Mwanachuo atakayeanza kazi leo atasoma na kusimulia hadithi za watoto kwa muda wa miaka thelathini au zaidi. Ikiwa hadithi hizo hazina kitu chochote kwa ajili yake, atazisoma kama karani anayehesabu magunia ghalani; na watoto, ambao ni wepisi wa kutambua mambo kama hayo, watauiga uchovu wake kabla ya kuuiga usomaji wake.

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza mfano mmoja, nao ni mfululizo wa katuni za televisheni uitwao Avatar: The Last Airbender. Tumeuchagua kwa sababu ulitengenezwa kwa ajili ya watoto, ni hadithi ya kubuni tupu, na hata hivyo umewavuta watu wazima wengi. Tutaueleza kwa ufupi, tutachunguza sababu za mvuto huo, kisha tutaona mwalimu aweza kujifunza nini kwa ajili ya darasa lake.

Mfululizo wenyewe

Mfululizo huu ulitungwa na Wamarekani wawili, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Ulionyeshwa na kituo cha televisheni cha Nickelodeon nchini Marekani kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008. Una sehemu 61 zenye dakika zipatazo 23 kila moja, nazo zimegawanywa katika vitabu vitatu: Maji, Ardhi na Moto. Watazamaji waliokusudiwa hasa walikuwa watoto wa miaka 6 hadi 11.

Dunia ya hadithi hii ina mataifa manne: Makabila ya Maji, Ufalme wa Ardhi, Taifa la Moto na Wahamaji wa Hewa. Katika kila taifa wamo watu waliojaliwa uwezo wa kukiamuru kitu cha asili cha taifa lao. Huyu huinua wimbi kwa mkono. Yule husogeza mwamba kwa kupiga mguu chini. Mtu mmoja tu, aitwaye Avatar, huweza kuviamuru vyote vinne, na wajibu wake ni kulinda amani. Aang, mtoto wa miaka 12, anapoambiwa kwamba yeye ndiye Avatar, anatishwa na wajibu huo na kutoroka. Anafunikwa na barafu kwa muda wa miaka 100. Anapozinduliwa na ndugu wawili wa Kabila la Maji, Katara na kaka yake Sokka, anakuta Taifa la Moto limewaangamiza watu wake wote, na sasa linapigana ili kuitawala dunia nzima.

Je, watu wazima waliupenda kweli?

Ushahidi upo. Mfululizo huu ulipata Tuzo ya Peabody ya mwaka 2008, ambayo hutolewa kwa kazi bora za redio na televisheni bila kujali kama ni za watoto au za wakubwa. Aidha, ulipowekwa katika huduma ya Netflix nchini Marekani mwezi Mei 2020, yaani miaka kumi na miwili baada ya kwisha, ulikaa kwa majuma mengi miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa zaidi. Mwaka 2024 Netflix ilitoa toleo jipya la hadithi hiyohiyo, safari hii likiigizwa na watu.

Msomaji aweza kupinga kwamba mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2005 alikuwa na miaka 25 mwaka 2020, kwa hiyo watu wazima hao walikuwa wanakumbuka utoto wao tu. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, wala hatupaswi kulipuuza. Lakini halitoshi. Waamuzi wa tuzo hawakuwa na utoto wa kuukumbuka katika hadithi hiyo, na wazazi walioketi na watoto wao mwaka 2005 waliiona kwa mara ya kwanza kama wao. Tena kumbukumbu ya utoto humrudisha mtu kwenye vitu vingi ambavyo, akishavionja tena, huviacha upesi. Ni lazima tueleze kwa nini hiki hakikuachwa.

Njia mbili za kumpendeza mtu mzima

Mtungaji wa hadithi za watoto aweza kumpendeza mtu mzima kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumtupia mzazi mzaha unaopita juu ya kichwa cha mtoto. Mzazi hucheka, mtoto huuliza kinachochekesha, naye haambiwi. Katika njia hii kuna hadithi mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba, na mtoto hupewa ile nyembamba.

Njia ya pili ni kusimulia tukio moja ambalo mtoto hulielewa kwa kiasi chake na mtu mzima kwa kiasi chake. Njia hii si ngeni kwetu. Miongoni mwa hekaya zinazosimuliwa kuhusu Abunuwasi imo ile ya maskini aliyedaiwa fedha kwa sababu ya kufurahia harufu ya chakula cha tajiri, na Abunuwasi akamlipa tajiri kwa mlio wa sarafu. Mtoto hucheka kwa sababu tajiri amepatikana. Mtu mzima hucheka pia, lakini anafikiri juu ya mabaraza ambamo mdai mwenye nguvu husikilizwa kwanza. Hadithi ni moja. Tofauti iko kwa wasikilizaji. Ndiyo maana zamani watu wazima hawakuondoka bibi alipoanza kuwasimulia wajukuu ngano jioni.

Tunavyoona sisi, mfululizo huu umefuata hasa njia ya pili. Hebu tutazame mifano mitatu.

(a) Zuko na ami yake Iroh. Zuko ni mwana wa mtawala wa Taifa la Moto. Akiwa na umri wa miaka 13 alipinga katika baraza la vita shauri la kuwatoa mhanga askari wapya. Kwa kosa hilo aliamriwa kupigana na baba yake mwenyewe. Alikataa, akapiga magoti. Baba akamchoma uso na kumfukuza nchini hadi atakapomkamata Avatar. Mtoto anayetazama huona adui mwenye kovu anayemfukuza shujaa, na baadaye huona adui huyo akigeuka kuwa rafiki. Mtu mzima huona zaidi: kijana anayetafuta upendo wa mzazi asiyestahili kuutoa. Iroh, ami yake, aliwahi kuwa jemadari mkuu aliyeuzingira mji wa Ba Sing Se kwa siku 600, akaacha vita hivyo baada ya mwanawe kuuawa. Zuko anamsaliti ami huyu. Anaporudi kuomba msamaha, Iroh anamkumbatia kabla hajamaliza maneno yake. Mtoto hufurahi kwamba hakugombezwa. Mzazi huelewa kwa nini mzee aliyempoteza mtoto mmoja hakuwa na haja ya kusikia maelezo ya wa pili.

(b) Mji usiotaja vita. Katika kitabu cha pili mashujaa wanafika Ba Sing Se, mji mkuu wa Ufalme wa Ardhi. Huko wanagundua kwamba wananchi wamekatazwa kuvitaja vita, na kwamba askari wa siri humkamata anayevitaja, huku mfalme mwenyewe akiwa hajui kwamba nchi yake inapigana. Kwa mtoto hili ni fumbo la kutisha na la kusisimua. Kwa mtu mzima ni somo la uraia: ukuta mrefu waweza kuzuia adui asiingie, na waweza pia kuzuia ukweli.

(c) Katara na muuaji wa mama yake. Katika kitabu cha tatu Katara anampata mtu aliyemuua mama yake, naye sasa ni mzee dhaifu. Aang amemshauri asamehe. Anao uwezo wa kuua, lakini anauzuia mkono wake; hata hivyo hasemi kwamba amemsamehe, na hadithi haimlazimishi aseme hivyo. Katuni nyingi zingemaliza kwa kisasi au kwa msamaha. Hapa mtoto anaachiwa swali ambalo mtu mzima naye hana jibu lake la haraka.

Sharti tuongeze kwamba si kila sehemu ina uzito huu. Zimo sehemu, hasa za mwanzo, ambazo ni mizaha na mbio tu, na mtu mzima aweza kuchoka. Mtoto anahitaji pumziko hilo, na hata darasa zuri lina dakika za kucheka.

Juu ya mambo ya kubuni

Wako wanaohofu kwamba hadithi za maajabu huharibu fikira za mtoto. Katika mfululizo huu maajabu yana sheria kali. Anayeamuru maji hawezi kitu mahali pasipo na maji, na kila uwezo hupatikana kwa mazoezi marefu chini ya mwalimu. Hata mienendo ya mikono na miguu ilichukuliwa kutoka katika mitindo ya kweli ya mapigano ya Kichina, mtindo mmoja kwa kila kitu cha asili. Mtoto anayefuata hadithi ya namna hii analazimika kufikiri kwa utaratibu: likitokea hili, lipi laweza kufuata? Sungura wa ngano zetu husema na kufanya hila, na hakuna mtoto aliyetoka kwenye ngano akaenda porini kumtafuta azungumze naye.

Mwalimu afanye nini darasani?

Shule nyingi hazina televisheni, na mwalimu hapaswi kuingojea. Tukio moja, kwa mfano lile la Zuko mbele ya baba yake, laweza kusimuliwa kwa mdomo katika dakika kumi. Tunashauri hatua zifuatazo kwa Darasa la Tano au la Sita.

Kwanza, mwalimu achague hadithi ambayo yeye mwenyewe imemgusa. Akiona hadithi ni ya kipuuzi, atafute nyingine; asidhani kwamba upuuzi ndio unaowafaa watoto.

Pili, asimulie bila kukatiza kwa maelezo. Tukio likiwa zuri hujieleza.

Tatu, aulize maswali ya ngazi tatu: ya tukio (Zuko alifanya nini barazani?), ya sababu (kwa nini alikataa kupigana?), na ya hukumu (je, mtoto aweza kumpinga mzazi na bado akamheshimu?). Ngazi ya tatu haina jibu katika kitabu cha mwalimu, na mwalimu asijifanye analo.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, asikimbilie swali la "hadithi hii inatufunza nini?" Swali hilo lina mahali pake, lakini likiulizwa mwisho wa kila hadithi, watoto hujifunza kusubiri methali moja na kusahau mengine yote. Hadithi ya Katara haiwezi kufungwa kwa methali. Mtoto ambaye nyumbani kwao kuna msiba au ugomvi anajua kwamba mambo hayafungwi hivyo. Akimsikia mwalimu akiyafunga kwa sentensi moja, ataamua kwamba hadithi za shuleni hazimhusu.

Hitimisho

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo: mfululizo wa katuni uliotengenezwa kwa ajili ya watoto waweza kuwapendeza watu wazima, na mfano tuliouchunguza umefanya hivyo bila kumwacha mtoto nyuma. Umefaulu kwa sababu watungaji hawakudhani kwamba mtoto hajui huzuni, hofu, aibu wala haki. Mwalimu anayeingia darasani akiwa na dhana hiyohiyo hatapata shida kupata hadithi za kusimulia, wala hatachoka kuzisimulia.

Maswali ya mjadala

1. Chagua ngano moja uliyosimuliwa utotoni. Ulielewa nini wakati ule, na unaelewa nini sasa?
2. Taja hadithi moja ya watoto ambayo wewe huipendi. Je, watoto wanaipenda? Jadili sababu.
3. Andika maswali matatu, moja kwa kila ngazi, juu ya ngano uliyoichagua katika swali la kwanza.
4. Je, mwalimu aweza kumaliza kipindi cha hadithi bila kutoa funzo? Toa hoja za pande zote mbili.