Nyimbo Zetu, Watunzi Wageni

Desemba iliyopita tulikaa kwenye vimbweta, jua la Dodoma linachoma kama kawaida yake, mwenzetu mmoja akafungulia "White Christmas" kwenye spika. Krismasi ya theluji, kwenye vumbi la Chimwaga! Tukacheka sana. Nikawaambia, jamani, aliyetunga huo wimbo hata Mkristo hakuwa. Wakabisha, nikaahidi kuandika.

Mtunzi ni Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1888 katika himaya ya Urusi. Familia yake ilifika New York mwaka 1893, yeye akiwa na miaka 5, kipindi ambacho Wayahudi wengi walikuwa wakikimbia umaskini na mashambulizi. Baba alifariki mapema, mtoto akaingia mtaani kuuza magazeti na kuimba apate hela ya kula. Nota hakuwahi kuzijua vizuri. Mtu huyo ndiye aliyewapa Wamarekani "God Bless America", ambao wengi wanauimba kama wimbo wa pili wa taifa. Hakuwa peke yake: George Gershwin na Harold Arlen, mtunzi wa muziki wa "Over the Rainbow" (1939), nao walikuwa Wayahudi.

Kwa nini wao? Sababu ya kwanza ni milango. Kampuni nyingi hazikuwaajiri Wayahudi, na baadhi ya vyuo vikuu viliweka kikomo cha idadi yao. Biashara ya nyimbo ilikuwa mpya na wenye nazo waliidharau, kwa hiyo hakukuwa na wa kumzuia mtu mlangoni. Sababu ya pili ni sikio. Mgeni husikiliza kwa makini kuliko mwenyeji, maana asiposikiliza hali. Walisikiliza sana ragtime, bluzi na jazi za Wamarekani weusi. Hapo pana deni, tuseme ukweli: mara nyingi weusi walioanzisha muziki huo walipata kidogo kuliko waliojifunza kwao.

Sasa turudi nyumbani. Kila tukibishana kuhusu Bongo Fleva, hakosi mtu wa kusema muziki wetu halisi ni dansi la zamani. Sawa, lakini nani alilipiga? Orchestra Maquis ilitokea Kongo. Ndala Kasheba, bingwa wa gitaa la nyuzi 12, alitokea Kongo. Remmy Ongala alizaliwa mashariki ya Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akang'ara na Super Matimila. Aliimba Kiswahili cha mtu wa chini: umaskini, kifo, ubaguzi. Alipotunga "Mambo kwa Soksi" kuhamasisha kondomu wakati wa UKIMWI, redio ya taifa iliukataa, watu wakaujua hivyo hivyo. Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo ukipanda daladala Dar utasikia konda anaita, "Sinza kwa Remmy!" Mtaa umebeba jina la mgeni na hakuna anayeshtuka.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Tangu mwaka wa kwanza nimezoea kuulizwa kama kweli ni Mtanzania, au nilivuka ziwa usiku. Utani naujua; nami huwatania Wagogo, wananijibu, tunakula pamoja. Ila kuna siku swali linaulizwa bila kicheko, tena na mtu mwenye fomu mkononi, na hapo unatamani usiwe umefungua mdomo.

Ndiyo maana habari ya Berlin na Remmy inanigusa. Walioulizwa "umetoka wapi?" ndio walioandika maneno ambayo wenyeji wanayatumia kusema "hapa ni kwetu". Kwa hiyo ukisikia dansi wikiendi hii, cheza. Ila Jumatatu ukikaa kwenye kimbweta na mwenzako mwenye lafudhi ya mpakani, muulize kwanza anasikiliza nini. La uraia waachie wenye kazi yao.