Watoto wa Kitwa: Kufuta ada hakukutosha

MWAKA 2005 Serikali ya Burundi ilifuta ada katika shule za msingi. Watoto walifurika, madarasa yakajaa. Mwaka huo huo Katiba mpya iliwatengea Watwa, wanaokadiriwa kuwa karibu asilimia 1 ya wananchi, viti 3 Bungeni na 3 katika Seneti. Ilionekana kana kwamba mlango umefunguka.

Hata hivyo, kuandikishwa darasa la kwanza ni jambo moja, kumaliza ni jingine. Tangu mwaka 2013 shule ya msingi ni ya miaka 9, na watoto wengi wa Kitwa huishia njiani.

Sababu ya kwanza ni njaa. Watwa wengi hawana ardhi; waliishi kwa kufinyanga vyungu. Mabonde waliyochimba udongo yakageuzwa mashamba ya mpunga, na ndoo za plastiki na masufuria vikaua soko lao. Mtoto aliyelala njaa humfuata mama yake kwenye kibarua, si mwalimu. Chakula cha shuleni, kinachotolewa kwa msaada wa WFP, huwavuta watoto darasani, lakini hakifiki kila shule.

Ya pili ni karatasi. Wazazi wasio na ndoa ya kisheria mara nyingi hawakuwaandikisha watoto wao kwenye komini. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu shuleni na hospitalini.

Ya tatu ni dharau. Zamani watu walikataa kunywa chombo kimoja na Mtwa. Mtoto anayesikia maneno hayo nyumbani huyaleta kwenye dawati. Sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania tunajua jinsi jina la kejeli linavyomfunga mwanafunzi mdomo, hata akiwa na jibu.

Dharau haingoji bajeti. Mwalimu awachanganye watoto kwenye madawati, akomeshe majina ya matusi, na mtoto asipoonekana siku 3 aulizwe kwao. Viongozi wa vilima nao wapite nyumba kwa nyumba kabla ya shule kufunguliwa, wajue nani hana cheti.

Viti vya Bungeni vimetengwa kisheria. Kiti cha darasani hakina sheria ya namna hiyo. Kinalindwa na mwalimu, mzazi na jirani. Tukikiacha wazi leo, kesho tutamtafuta wapi daktari, mwalimu au mbunge wa Kitwa?