Kwapa Likiwasha, Usinyamaze

Mwezi wa Januari joto la Dar es Salaam halina huruma. Mama anayepanda daladala alfajiri kutoka Mbagala au Tegeta huvaa gauni safi, lakini akifika Kariakoo mgongo umekwisha lowa. Nani kati yetu hajawahi kuogopa kunuka kikwapa mbele za watu? Ndiyo maana wengi wetu hatukosi deodoranti mkobani, pamoja na leso na kitana. Lakini tufanyeje ikiwa deodoranti yenyewe ndiyo inayotuchoma?

Mama mwenzetu mmoja wa Temeke aliacha kuja kwenye kikao cha akina mama kwa miezi miwili. Tulidhani amekwazika. Tulipomtembelea alilia, kisha akatuonyesha makwapa yake. Yalikuwa meusi, yamepasuka na kutoa maji. Alikuwa amebadilisha deodoranti tatu, akapaka ndimu, na mwisho akanunua krimu aliyoshauriwa na jirani. Usiku alikuwa akilala akimpa mumewe mgongo kwa aibu. "Nilidhani mimi ni mchafu," alituambia, "basi nikazidi kusugua."

Wapendwa, hakuwa mchafu. Jasho lenyewe likitoka halina harufu kubwa. Harufu huja pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanapolivunja jasho hilo. Deodoranti hupunguza bakteria hao na kuficha harufu kwa manukato. Nyingine huwa na chumvi za aluminiamu, ambazo huziba kwa muda vitundu vya jasho ili lipungue.

Kinachoidhuru ngozi mara nyingi ni hayo manukato. Spiriti nayo huchoma, hasa kwapa likiwa limenyolewa. Zile zenye soda ya kupikia, ingawa husifiwa kuwa ni za asili, huikwaruza ngozi ya wengine. Chunguza pia mahali upele ulipo. Ukiwa katikati ya kwapa, ishuku deodoranti. Ukiwa pembezoni tu, pale nguo inapobana, huenda ni rangi au kitambaa cha nguo hiyo.

Basi, fanya hivi. Kwanza, acha kila kitu ulichokuwa ukipaka. Usirukie chupa nyingine siku hiyo hiyo. Oga kwa maji na sabuni isiyo na manukato, usisugue kwa dodoki, kausha vizuri, na vaa nguo ya pamba isiyobana. Subiri ngozi ipone kabisa.

Pili, ukienda dukani soma maandishi madogo nyuma ya chupa. Ukiona neno "parfum" au "fragrance", ujue kuna manukato ndani. Tafuta isiyo na neno hilo wala spiriti. Usidanganywe na chupa inayosema haina harufu, kwa kuwa nyingine huwekewa manukato ya kufunika harufu ya dawa zilizomo. Tazama pia tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Chupa isiyo na maandishi yoyote iache hapo hapo ulipoikuta, hata ikiwa bei yake ni ya kuvutia.

Tatu, ijaribu kabla ya kuitumia. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku saba. Pakiwasha au kutoka vipele, ngozi yako imekwisha kujibu. Na ukinyoa, ngoja hadi kesho yake ndipo upake.

Wengi tumelelewa na shabu, lile jiwe jeupe linaloloweshwa na kupitishwa kwapani. Halina manukato, na linawafaa wengi. Lakini nalo ni chumvi ya aluminiamu, kwa hiyo lijaribu vile vile. Ndimu tuiache jikoni. Asidi yake huchoma ngozi yenye michubuko, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha mabaka meusi.

Jihadhari zaidi na krimu zenye steroidi, kama betamethasoni, zinazonunuliwa bila kuandikiwa na daktari. Huzima muwasho upesi, na hapo ndipo zinapotudanganya. Kwapani dawa hupenya kwa urahisi. Ukiendelea kuipaka, ngozi huwa nyembamba na kuota michirizi isiyofutika.

Upele usipopungua kwa wiki mbili, au ukitoa usaha, au ukihisi uvimbe kwapani, nenda kituo cha afya au hospitali, kama Temeke au Mwananyamala. Chukua na ile chupa uliyotumia ili daktari aisome.

Mama yule alipona. Sasa hutumia sabuni ya kawaida, shabu kidogo, na hubeba blauzi ya kubadilisha. Tukamwuliza, ni nini kilichomsaidia zaidi? Akajibu, "Ni ile siku mlipokuja mkaniuliza."

Basi tuulizane. Na mabinti zetu wanaoanza kuvunja ungo, tuwafundishe mapema kwamba kutoka jasho si aibu, na ngozi inayowasha haistahili kuadhibiwa kwa kusuguliwa.