Nafasi Ndogo Ndani ya Giaboksi

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo dogo ambalo fundi mwenye haraka hulipita, nalo ndilo liwezalo kuiharibu kazi yake yote: nafasi iliyomo baina ya pleti za klachi katika giaboksi ibadiliyo gia yenyewe. Tutatwaa mfano wa Turbo-Hydramatic 400 ya General Motors, iliyoonekana katika magari ya Cadillac ya mwaka 1964. Huko Marekani washindanao mbio fupi za magari wameipenda kwa uimara wake, na huifungua na kuiunda upya ili ihimili injini zenye nguvu nyingi.

Kwanza tujue jinsi klachi hii ilivyoumbwa. Ndani ya drami ya chuma zimepangwa pleti za namna mbili, kwa kupishana. Za kwanza ni chuma kitupu, na meno yake ya nje hushikana na drami. Za pili ni za msuguano, zimebandikwa karatasi ngumu, na meno yake ya ndani hushikana na kitovu. Nyuma yake pana pistoni. Mafuta yajapo kwa nguvu, pistoni huzibana pleti hata zikazunguka kama kitu kimoja. Nguvu ikiondoka, springi huirudisha pistoni, na pleti huachana. Basi nafasi tuisemayo ni ule mwendo wa pistoni kabla pleti hazijabanwa.

Nafasi ikiwa ndogo mno, pleti haziachani sawasawa. Huburuzana, hupata moto, karatasi huungua na mafuta huwa meusi. Ikiwa kubwa mno, gia huchelewa kushika. Injini hunguruma bure na gari haliendi, kisha klachi hushika kwa kishindo. Katika mashindano kuchelewa huko ni kushindwa, na pleti ziteleza chini ya nguvu kubwa haziishi siku nyingi.

Kanuni itumiwayo na mafundi wengi wa magari ya mbio ni inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita, kwa kila pleti ya msuguano. Klachi yenye pleti 5 za msuguano, basi, yataka inchi 0.050. Lakini kanuni hii haikitangui kitabu cha mtengenezaji. Gari la kawaida na lifuate kipimo cha kitabu chake.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza tulowesha pleti mpya za msuguano katika mafuta ya giaboksi, walau nusu saa. Kisha twazipanga zote ndani ya drami, twaweka pleti nene ya juu, na twaifunga kwa pete yake. Hapo twachukua vibamba vyembamba vya kupimia, na kuvipenyeza baina ya pete na pleti ile ya juu, pande kadha wa kadha, wala si pahali pamoja tu. Kama imo pleti yenye mawimbi, tusiigandamize hata ikalala, maana kipimo kitatudanganya.

Nafasi ikizidi, twaondoa pleti moja ya chuma na kutia iliyo nene zaidi. Ikipungua, twatia iliyo nyembamba. Pleti za msuguano hazikwanguliwi kamwe. Baada ya kila badiliko twapima tena. Mwisho twapuliza hewa ya pampu katika tundu la mafuta: pistoni na isogee mara moja na kurudi, wala hewa isivuje.

Vipimo vyote na viandikwe kwenye karatasi, klachi kwa klachi. Giaboksi ikiisha kufungwa, jicho halioni tena kilichomo ndani; na aliyeacha kupima ataijua nafasi yake siku ya kuifungua mara ya pili, kwa gharama yake mwenyewe.