Kimeo Hakina Kesi ya Kujibu

Swali hili hunifikia kwa sura mbili. Kwenye simu huwa ni picha: mtoto ameachamishwa kinywa kwa nguvu, kijiko kimemkandamiza ulimi, na chini yake maneno, "Daktari, hiki si kirefu?" Kliniki huja kwa adabu zaidi. Mama ananingoja nimalize kuandika dawa, anamfunga mtoto mgongoni, anafika mlangoni, ndipo anageuka: "Samahani dokta, kimeo tumkate sasa hivi au tungoje atimize mwaka?"

Na mtoto anayeulizwa habari zake ni yuleyule karibu kila mara. Alizaliwa njiti, au alizaliwa na tundu kwenye moyo. Mwezi wake wa kwanza ulikwisha wodini, mpira wa kulishia puani na oksijeni pembeni. Sasa anaukaribia mwaka, ameshalazwa kwa nimonia zaidi ya mara moja, hanenepi, hatembei, na kikohozi chake kikiondoka hakikai wiki mbili kabla hakijarudi. Nyumbani kikao kimeshakaa, bibi ametoa uamuzi na fundi ametafutwa. Ninachoulizwa mimi ni tarehe tu.

Jibu ni kwamba hakikatwi, si leo wala baada ya sherehe ya kutimiza mwaka.

Nimalizane kwanza na kutembea, maana hapo hakuna ubishi mrefu. Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28 amewahi kwa wiki 12, yaani karibu miezi 3. Siku mnamkatia keki ya mwaka mmoja, kwa hesabu ya ukuaji ana miezi 9. Huo ndio umri uliorekebishwa, wa kupimia hatua zake, nasi tunaendelea kuutumia mpaka afikishe miaka 2. Mtoto wa miezi 9 akikaa bila kuegemezwa, akageukia anakoitwa na akatoa kijiko mkono huu kukitia mkono ule, hana deni. Hata hao waliozaliwa wakati wao ukiwa umetimia hawaendi kwa saa moja. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilikuta hatua za kwanza bila kushikwa zinatokea popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Wapo hata ambao hawakutambaa kabisa. Walisota, wakasimama dede, wakaondoka. Mtoto wa jirani aliyetembea na miezi 10 ni habari njema kwa jirani.

Kinachonitia wasiwasi ni vitu vingine, navyo watu huviona wakavisifia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka na anatumia mkono mmoja tu si hodari wa mkono huo. Yawezekana ule mwingine una udhaifu unaotoka kwenye ubongo. Anayesimamia vidole vya miguu huku miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi hajakaribia kutembea. Asiyeshtuka mlango ukibamizwa si mpole. Na aliyekuwa akikaa kisha akaacha kukaa aletwe wiki hiyohiyo.

Sasa turudi kooni, kwa kuwa ndiko mlikonipeleka.

Kimeo ni kipande cha nyama laini kinachoning'inia mwisho wa kaakaa. Kina misuli na kina tezi za kutoa ute. Tunapomeza hupanda pamoja na kaakaa kuziba njia ya puani, maziwa yasipande huko, na ute wake huliweka koo katika hali ya unyevu. Kila mtu anacho. Anacho fundi mwenyewe, na anacho yule mtoto wa jirani asiyekohoa. Nikiwaambia hivyo hujibiwa, "Lakini cha huyu ni kirefu." Kirefu kuliko cha nani? Nani katika ukoo amewahi kupima vya watoto wazima? Koo la mtoto huchunguliwa akiwa mgonjwa, na koo lililokohoa siku 10 huwa jekundu na limevimba, kimeo nacho kikiwa ndani yake. Mnaona kilichofanywa na kikohozi mnasema ndicho kilichokileta.

Ukitaka kuhakiki, nawa mikono ukaguse kimeo chako mwenyewe kwa kidole. Utasikia kichefuchefu, pengine utatapika. Kikohozi huzaliwa chini ya hapo, kwenye zoloto, kwenye bomba la hewa na kwenye matawi yake yanayoingia mapafuni. Fundi anakata mahali ambapo kikohozi hakitoki.

Kisha huja ushahidi wa shangazi: wa kwake alikatwa na akapona. Namwamini shangazi, hata tarehe nakubaliana nazo. Mafua ya kawaida ya virusi yanaweza kumwachia mtoto kikohozi cha wiki mbili hadi tatu, halafu kikaisha chenyewe. Hakuna anayempeleka mtoto kwa fundi siku ya pili. Kwanza ni dawa ya maji ya dukani, kisha mafuta ya kupaka kifuani, kisha malimao, na ndipo, siku ya 12 au ya 14, subira inakwisha. Anakatwa. Siku ya 18 kikohozi kimekwisha, nacho kingekwisha hata kama angepelekwa kunyolewa nywele. Fundi amevuna asichopanda. Kikiendelea, husemwa fundi wa kwanza aliacha kipande, au kimeota tena, na mtoto hurudishwa. Mtoto akifa, hakuna anayesimama msibani kumtaja fundi. Inasemwa alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Dawa yenye maelezo ya namna hiyo haiwezi kushindwa hata siku moja, na hilo peke yake lingetosha kuwatia watu mashaka.

Tuje kwenye damu. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito. Njiti aliyefika mwaka akiwa na kilo 6 ana damu isiyofika hata nusu lita mwili mzima, na mara nyingi ni damu pungufu, kwa sababu akiba ya madini ya chuma huwekwa kwa wingi miezi ya mwisho ya mimba, ile aliyoikosa. Kidonda cha kimeo hakifungiki kwa bandeji. Damu haitoki nje mkaiona. Mtoto anaimeza kimyakimya, anaonekana amelala, halafu usiku anatapika damu nyeusi iliyoganda. Nyingine huingia kwenye njia ya hewa, ikashuka kwenye mapafu yaleyale mliyokuwa mnayatibu. Ongeza wembe au mkasi uliopita vinywani mwa wengine: usaha, pepopunda, homa ya ini, virusi vya Ukimwi. Siku hizi wapo wakataji waliovaa koti jeupe. Koti halibadilishi chochote. Kinachokatwa ni kilekile na sababu ya kukikata haipo vilevile.

Niongeze jambo dogo ambalo mafundi hawalijui. Kuna kimeo kinachonishughulisha kweli, nacho ni kile chenye ncha mbili. Wengi walio nacho hawana shida yoyote, lakini kwa baadhi ni alama kwamba kaakaa halikuungana sawasawa chini ya ngozi, na huyo huweza kutokwa na maziwa puani na baadaye kuzungumzia puani. Ukikikata umeondoa alama, ukaiacha kasoro.

Hata hivyo, hasara kubwa kuliko damu ni muda. Mtoto aliyekatwa hupewa "siku za kupona". Mama anaambiwa angoje. Nimonia haingoji.

Bibi, kwa upande wake, hakukosea alipoona mtoto huyu si mzima. Amekosea mahali pa kutazama: atazame kifuani. Mapafu ya njiti yalianza kazi kabla ya vifuko vyake vingi vya hewa kutengenezwa, na oksijeni pamoja na mashine vilivyomwokoa viliacha makovu. Njia zake za hewa ni nyembamba, na hapo fizikia haina huruma: upana wa mrija ukipungua nusu, ugumu wa kupitisha hewa ndani yake hupanda mara 16. Virusi ambavyo kwa dada yake wa darasa la tatu ni kamasi tu, kwake ni oksijeni na kitanda. Wengine hupaliwa: maziwa kidogo huenda njia ya hewa kila mlo, hasa anapolishwa amelala chali, na kikohozi huja wakati wa kunyonya au baada yake. Wenye tundu kwenye moyo, damu hufurika mapafuni. Hao hutoka jasho kichwani wakinyonya, huchoka kabla hawajashiba, na hawaongezeki uzito kwa sababu chakula kinaishia kwenye kazi ya kupumua. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down anahitaji kupimwa moyo hata kama hana dalili, maana karibu nusu yao wana hitilafu hiyo. Wengine wana TB waliyoipata kwa mtu mzima wa nyumbani mwenye "kikohozi cha kawaida". Wengine wanavuta moshi wa kuni mgongoni mwa mama kutwa. Anayekoroma usiku kucha huku kinywa wazi huenda ana nyama za puani, nazo zina daktari wake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesaidiwa na mkasi wa fundi.

Basi haya, haraka haraka, maana nafasi imeliwa na kimeo kama kawaida yake.

Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, funua kifua, tazama saa, hesabu dakika nzima. Kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Akishatimiza mwaka, ni 40 au zaidi. Hapo hutumii umri uliorekebishwa, tumia tarehe ya kuzaliwa. Zikiwa nyingi, kituo cha afya leo. Ikiwa nyama za chini ya mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo imekuwa ya bluu au ya kijivu, anakoroma au kugumia akiwa macho, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege au haamki sawasawa, ni hospitali sasa hivi, usiku huohuo, bila kupitia dukani. Akiandikiwa amoksilini amalize, hata akianza kucheka siku ya pili.

Kikohozi kikipita wiki 2, dai uchunguzi wa TB na kipimo cha virusi vya Ukimwi, na useme wazi kama kuna mkubwa anayekohoa nyumbani. Omba moyo usikilizwe, na ukiambiwa una mlio usiokaa sawa, omba rufaa ya kipimo cha moyo. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hospitali za kanda zitakuelekeza. Mlishe ameketi au umemwinua kichwa, kidogo kidogo. Apimwe mzingo wa mkono: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na unatibiwa, si wa kusubiriwa. Uji wa nafaka saba si lazima. Uji mzito wenye karanga, dagaa au yai, pamoja na maziwa ya mama, unatosha kuanzia. Asali kabla ya mwaka ni marufuku, hata ya kulainisha kikohozi. Jiko la kuni litoke nje au mtoto atoke jikoni. Mwenye mafua asimbebe, hata akiwa ametoka safari na zawadi.

Chanjo zifuate tarehe ya kuzaliwa, tena huyu ndiye anayezihitaji kuliko mwenzake mnene. Ile ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na kuwa njiti si sababu ya kuahirisha. Macho na masikio yakaguliwe kama hayajakaguliwa tangu wodini. Miguu ikikakamaa au ikilegea, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aanze naye sasa, wala msimchimbie shimo la kumsimamisha. Kigari cha magurudumu hakimfundishi kutembea na kinamwangusha kwenye ngazi. Kanada imekipiga marufuku tangu 2004. Akifika miezi 18 kwa umri uliorekebishwa na bado hatembei, tutamchunguza upya kuanzia utosini.

Kadi ya kliniki na ile karatasi ya kuruhusiwa ya siku alipotoka wodi ya watoto wachanga zikae kwenye mfuko mmoja, na anayempeleka hospitali aende nazo, hata kama ni baba.